Ukiulizwa "Mbona Mnabusu Picha?", Anza na Wimbo

Nililelewa Vihiga, katika kanisa ambalo ukutani hapakuwa na kitu ila kalenda na saa. Nilipopokewa katika Kanisa la Orthodoksi, nyanya yangu alikuja Jumapili moja kuona mjukuu wake amejiingiza wapi. Alisimama nyuma kabisa, mkoba kifuani, akanitazama nikiinama kubusu ikoni, yaani picha takatifu, ya Mzazi-Mungu, Maria mama wa Yesu. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, siku hizi unabusu mbao?"

Nilimjibu njia nzima. Nilimtolea makerubi wa sanduku la agano, nyoka wa shaba, na Basili Mkuu, askofu wa kale aliyesema kwamba heshima inayopewa sanamu humfikia mwenye sura ile. Tulipofika mlangoni alikuwa amenyamaza, na nilimjua nyanya vya kutosha kutambua kwamba amechoka, hajakubali.

Tangu hapo nimeimba kanisani kwetu miaka 14, na kila Kwaresima kuna mwumini mpya anayenijia na swali lilelile aliloulizwa na mama, mke au jirani. Huwa namwambia aache mistari ya Biblia kwanza, ajifunze ubeti mmoja wa wimbo. Katika karne ya 8 na ya 9 wafalme wa Konstantinopoli walizipiga marufuku ikoni na kuzivunja. Walioteseka kwa ajili yake, wengi wao ndio waliotunga nyimbo tunazoimba hadi leo, na mambo yote waliyotaka kutuambia wameyatia humo.

Ubeti wenyewe ni kontakio, yaani wimbo mfupi wa siku, ya Jumapili ya Orthodoksi, ile ya kwanza ya Kwaresima. Kwa maneno yangu unasema hivi: Neno wa Baba, asiyeweza kuzungushiwa mstari, alizungushiwa mstari alipotwaa mwili kwako, ewe Mzazi-Mungu, akairudisha sura yetu iliyochafuka katika hali yake ya kwanza, akiichanganya na uzuri wa Mungu, nasi tunaukiri wokovu huu, tunauonyesha kwa tendo na kwa neno.

Hayo maneno ya mstari yalinisumbua miaka mingi, mpaka siku moja padri wetu alipokuwa akifundisha watoto. Alimwita kitoto kimoja cha kike, akamwambia aweke kiganja ubaoni, kisha akakizungusha kwa chaki, kidole baada ya kidole. Mtoto alipoondoa mkono, kiganja kilibaki pale. Padri akauliza, "Na upepo, nani anaweza kuuchora hivi?" Wakacheka. "Na Mungu kabla hajazaliwa Bethlehemu?" Wakanyamaza. "Na Yesu alipokuwa mchanga, mkono wake ungechorwa hapa au usingechorwa?" Wote kwa pamoja: ungechorwa! Nilikuwa nimekaa nyuma na daftari langu la nyimbo. Nakumbuka nililifunga, maana sikuwa na swali tena.

Hiyo ndiyo hoja aliyoitumia mtawa Yohana wa Damasko kutetea ikoni katika karne ya 8. Musa aliwaambia Israeli kwamba pale Horebu hawakuona umbo lolote, kwa hiyo wasijitengenezee sanamu. Yohana akajibu, "Sasa Mungu ameonekana, amekaa na watu, kwa hiyo nachora kile nilichokiona. Siabudu mbao na rangi, namwabudu aliyeumba mbao na rangi, ambaye kwa ajili yangu alijifanya mtu wa mwili." Aliyaandika hayo akiwa chini ya utawala wa Khalifa, mahali ambapo mkono wa mfalme wa Konstantinopoli haukufika. Kwa sababu hiyohiyo Monasteri ya Mtakatifu Katerina kule Sinai bado ina ikoni ya Kristo ya karne ya 6, iliyochorwa kwa nta yenye rangi, wakati nyingi za mji mkuu zilikwisha kuharibiwa. Yohana huyu ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa kanoni ya Pasaka, mfululizo wa nyimbo tunazoimba usiku wa manane mishumaa ikiwaka. Ukiimba "Siku ya Ufufuo" unakuwa umeimba pamoja na mtetezi mkubwa wa ikoni, hata kama hukujua.

Jambo la pili ninalowasihi: msiwatukane waliozivunja ikoni. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya wageni na bado najutia. Mfalme Leo wa Tatu, aliyeanza kuzipinga, alikuwa ameuokoa mji wake wa Konstantinopoli katika mzingiro wa Waarabu wa mwaka 717 na 718. Mwaka 726 volkano ililipuka baharini karibu na kisiwa cha Thera, na wengi wakaona ni ghadhabu ya Mungu. Mtu mwenye hofu kama hiyo hutafuta kosa liko wapi ndani ya nyumba yake. Na maaskofu 338 waliokutana Hieria, karibu na Konstantinopoli, mwaka 754 kuzikataa ikoni, chini ya mwanawe Konstantino wa Tano, walikuwa na hoja nzito: ukimchora Kristo, ama umechora ubinadamu peke yake na kumgawa vipande viwili, ama unadai umeuchora Uungu. Tamko lao tunalo leo kwa kuwa lilisomwa kwa sauti na kujibiwa kipengele kwa kipengele katika Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787, mkutano wa maaskofu uliozirudisha ikoni. Kule Istanbul, ndiyo Konstantinopoli ya zamani, katika kanisa la kale la Hagia Irene, juu ya altare kungali na msalaba mtupu kwenye dhahabu, kazi ya zama hizo. Ni mzuri, na nyanya angeingia pale akajihisi yuko kwao. Ukimjua vizuri unayetofautiana naye, hata sauti yako hubadilika unapomjibu.

Lakini pia usifiche damu iliyomwagika. Vita hivi vya kupinga ikoni vilirudi tena mwaka 815 na kuendelea mpaka 843. Ndugu wawili, watawa kutoka Palestina, Theodoros na Theophanes, walichanjwa usoni kwa amri ya mfalme Theophilos mistari 12 ya shairi la kuwatukana. Ndiyo maana wanaitwa Grapti, yaani walioandikwa. Theodoros alifia kifungoni. Theophanes aliishi kuona Theodora, mjane wa mfalme yuleyule, akizirudisha ikoni, akawa askofu wa Nikea, na kanoni ya asubuhi ya Jumapili ya Orthodoksi imebeba jina lake. Mimi huwaambia vijana wa kwaya waliwaze hilo kabla ya kufungua kinywa: mtu ambaye uso wake mwenyewe umegeuzwa karatasi ya matusi, anakaa chini anatunga furaha.

Sasa Kassiani, mtawa na mtunzi wa nyimbo wa zama hizohizo. Hapa nitakawia kidogo kwa kuwa ndiye aliyenisaidia kwa nyanya. Inasimuliwa kwamba mwaka 830 alisimama kati ya wasichana walioletwa ili Theophilos achague mke. Mfalme akamwambia kwamba mabaya yalikuja kupitia mwanamke, naye akajibu kwamba na yaliyo bora pia yalikuja kupitia mwanamke. Akachaguliwa Theodora. Kassiani akawa mtawa, akaanzisha monasteri, na barua alizoandikiwa na Theodoros wa Studion, mtetezi mwingine wa ikoni, zipo mpaka leo. Watu wanapenda sana ile hadithi ya mfalme aliyemfuata baadaye akimtamani. Ushauri wangu ni uiache. Inamnyang'anya mama huyu wimbo wake na kuufanya wa mapenzi yaliyoshindikana, na wenyewe ni mkubwa kuliko hapo.

Ni wimbo wa yule mwanamke mwenye dhambi aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi. Huimbwa Jumanne Takatifu, ile ya juma la mwisho kabla ya Pasaka, jioni, polepole, na unashuka chini sana kisha unapanda, kwa hiyo usianze juu, utakwama katikati kama nilivyokwama mwaka wangu wa kwanza. Soma maneno kwa siku kadhaa bila kuimba. Utafika mahali anaposema ataibusu miguu hiyo isiyo na doa na kuifuta kwa nywele zake. Miguu ambayo mshindo wake Hawa aliusikia bustanini jua likitua, akajificha kwa hofu.

Miaka 3 iliyopita nyanya alikuja Jumanne hiyo. Magoti yalikuwa yakimsumbua, tukamwekea kiti karibu na waimbaji. Kesho yake asubuhi, tukinywa chai jikoni, akaniambia, "Rudia pale pa miguu." Nikarudia, kwa Kiswahili kisha kwa Kiragoli, kadiri nilivyoweza. Akasema, "Kwa hiyo miguu ambayo Hawa aliikimbia, huyu anaibusu." Nikamwambia ndiyo, nyanya. Akazungusha kikombe mezani kwa muda, halafu akauliza aliyetunga ni nani, na alikuwa na watoto au hakuwa nao. Nikaanza kumweleza habari za Kassiani tangu mwanzo, mpaka chai ikapoa.