Dada, usimkabe mtoto uji

Dada mleta mada, nimesoma swali lako kwenye daladala nikashindwa kusubiri nifike nyumbani. Umesema mtoto ana miezi minane, akiona kijiko anafumba mdomo, na mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Tanga kukuonyesha watoto wanavyolishwa. Halafu watu wamejipanga hapo juu kukwambia umlaze mapajani, umzibe pua, ummiminie, atameza tu. Usifanye hivyo. Hayo mengine uliyouliza, mambo ya blenda na ratiba, yanaweza kusubiri.

Mimi ni baba wa watoto wawili, nakaa Temeke. Wa kwanza alipofika umri huohuo wa wako, mke wangu alikuwa amerudi dukani Kariakoo, mimi naingia kazini jioni, kwa hiyo asubuhi mtoto alikuwa wangu. Akaanza kukataa uji. Leo vijiko viwili, kesho kimoja, keshokutwa anageuza shingo kabisa. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu, mtu ambaye mtaa mzima unamsikiliza, akaniambia, "Huyo anakuchezea baba, mtoto habembelezwi." Akaniomba bakuli anionyeshe.

Nieleze alivyofanya, maana wanaosema "mkabe" hawaelezi. Unamlaza chali mapajani, mkono wake mmoja unaubana kwapani kwako. Kiganja chako cha kushoto unakikunja chini ya kidevu kama bakuli, ukingo wake unagusa pua. Uji unamiminwa kwenye kiganja mpaka unafunika mdomo. Mtoto hana pa kupitishia hewa, kwa hiyo anameza ili apate pumzi. Ndiyo siri yenyewe. Hajala kwa sababu ana njaa, amekunywa ili asife. Bakuli liliisha ndani ya dakika chache, mama yule akanawa mikono, akasema, "Umeona?" Nami nikaona kweli nimefundishwa kazi.

Tukaenda hivyo. Kisha ikaja asubuhi aliyokuwa na mafua. Mtoto mwenye mafua pua tayari imeziba, na mtoto anayelia huvuta pumzi ndefu mdomo ukiwa wazi. Uji ulimkuta katikati ya pumzi ile. Sauti ikakatika. Alikuwa ananiangalia macho yametoka, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka, midomo ikageuka rangi. Nikamgeuza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, nikampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mpaka akakohoa na kulia. Nikadhani yamekwisha. Usiku homa ikapanda, anapumua mbiombio, kila akivuta pumzi ngozi inabonyea chini ya mbavu. Picha ya kifua ikaonyesha pafu la kulia limeshambuliwa. Uji ulishuka kwenye njia ya hewa ukazaa nimonia. Akawekewa oksijeni na sindano za antibayotiki, na mama yake analala kwenye kiti.

Jirani yule alikuja wodini kutuona. Akamtazama mtoto, akasema, "Kifua chake ni kibovu tangu alipozaliwa." Mpaka leo nikiikumbuka kauli ile damu inachemka. Hakuna kifua kibovu. Kuna uji ulimiminwa mahali pa hewa, na anayewafundisha watu hivyo ataendelea kuwafundisha wengine kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Na ninaowakasirikia zaidi ni ninyi mnaoandika "sote tumelelewa hivyo na tuko hai". Tulio hai ndio tunaoandika jamani. Waliopaliwa hawana akaunti hapa. Mtoto akifa, mtaani husemwa alikuwa na degedege, au kifua, au jicho la mtu. Nani aliwahi kuuliza asubuhi ile alilishwaje?

Hospitali kulikuwa na mwisho wake. Kilichotutesa muda mrefu ni kilichofuata. Mtoto amepona, anacheza, lakini ukifunga bibu shingoni anaanza kulia. Akisikia kijiko kinagonga bakuli anajitupa nyuma. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulilala, kisha ukaanza kushuka. Mtoto aliyekuwa anakataa uji tu sasa anakataa kila kitu, hata ndizi mbivu aliyokuwa anaipenda. Ukimlazimisha ale leo, umemfundisha kwamba chakula ni adui, na kumtoa huko ni kazi ya miezi.

Aliyetutoa ni mtaalamu wa lishe tuliyepelekwa kwake pale pale hospitali, mama mpole. Alitupa sheria moja ambayo ndiyo niliyokuja kukuachia: mdomo ukifumba, kijiko kirudi kwenye bakuli. Basi. Wewe unaamua anakula nini, saa ngapi na wapi. Yeye anaamua ale kiasi gani, na siku nyingine kiasi hicho ni hakuna. Humbembelezi kwa nusu saa, humfuati na kijiko uani, huwashi simu aangalie katuni ili afungue mdomo bila kujua. Akigeuza uso, unasubiri kidogo, unajaribu tena kwa utulivu, akikataa unaondoa chakula, unamnyonyesha, saa ya mlo unaofuata unaanza upya.

Najua kinachokutisha: atashinda njaa. Kaa ukijua kwamba kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama bado yanampa karibu nusu ya nguvu anayohitaji. Na tumbo lake ni dogo, linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 akijaa sana ni kama mililita 240, yaani kikombe kimoja, na maziwa yamo humohumo. Wewe umesema unamwekea bakuli kubwa la uji mara tatu. Kwa miezi yake, vijiko vikubwa viwili au vitatu vya kuanzia, akipanda taratibu hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku, vinatosha. Huenda hakatai chakula, ameshiba.

Halafu huo uji wenyewe. Umeandika unaufanya mwepesi ili "ushuke". Uji mwepesi ni maji ya moto yaliyopakwa unga, unajaza tumbo bila kumpa kitu. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika. Na usiishie kwenye uji. Ponda kiazi lishe au boga, weka tui la nazi au parachichi. Maini ya kuku yaliyoiva yasage, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kuisha karibu na miezi 6, na mtoto mwenye upungufu wa damu hupoteza hata hiyo hamu ya kula. Dagaa wakavu chambua, osha, kaanga bila mafuta, saga. Chakula kipya anaweza kukitema mara kumi na zaidi kabla hajakikubali. Akikunja uso hajasema hapana ya milele.

Wale wanaokuuzia unga wa lishe wenye kila nafaka iliyopo sokoni pamoja na karanga, waulize karanga walizihifadhije. Karanga na mahindi yakipata unyevu yanaota fangasi wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Nunua karanga nzima, chambua zilizosinyaa na zenye ukungu uzitupe, saga mwenyewe.

Kuna aliyekushauri ukamkate kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Aisee, usithubutu. Kilimi hakizuii mtoto kula. Wembe ule unaleta damu nyingi, maambukizi na pepopunda. Na ile dawa ya maji ya kuongeza hamu iliyotajwa hapo juu, usiinunue kwa kuambiwa na muuza duka. Baadhi zina dawa ya mzio ndani yake, inayomfanya mtoto asinzie, na umri wake haijaruhusiwa.

Mama mkwe ni mzazi, usibishane naye na bakuli mkononi. Hiyo ni kazi ya mumeo. Amwambie mama yake kwa heshima kwamba mtoto analishwa akiwa amekaa, macho kwa macho, na kwamba hospitali ndivyo walivyoagiza. Bibi mpe kazi nzuri: akae karibu ale chakula chake mwenyewe mtoto akimwona. Binti yetu wa pili alianza kula hivyo. Bibi yake alikuwa anakula ndizi na samaki, yeye yuko mapajani, akanyoosha mkono akajichukulia. Alijipaka mpaka masikioni. Hakuwahi kuogopa kijiko.

Mayai uliyouliza, mpe, ila yaive kabisa. Asali bado mpaka avuke mwaka. Blenda sina cha kukwambia, sisi tuliponda kwa uma.

Jumatatu asubuhi mpeleke kliniki na kadi yake. Mwambie nesi akuoneshe mstari wa uzito, amwangalie mdomoni kama kuna utando mweupe au fizi zimevimba, na uombe apimwe damu. Na kama kuna mtu ameshammiminia hata mara moja na tangu hapo anakohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 50, au mbavu zinabonyea, usingoje Jumatatu, nenda naye usiku huohuo.