Hela nimerudisha, kutubu nimetubu, mbona moyo haujatulia?

"Anti shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa kwaya kanisani. Mwaka jana nilibanwa sana nikachukua hela ya mfuko wa kwaya kimyakimya nikijua nitairudisha. Kabla sijarudisha ikapigwa hesabu ikaonekana pungufu, watu wakaanza kumnong'ona kaka mmoja ambaye na yeye alikuwa na ufunguo, mimi nikanyamaza. Baadae nikairudisha yote kidogokidogo, watu wakasema kumbe kaona aibu karudisha. Yule kaka akaacha kwaya, siku hizi anasali kwingine. Nimefunga, nimetubu, nimelia. Sasa wanataka niwe mweka hazina wa kanisa zima eti mimi mwaminifu. Rafiki yangu anasema Mungu ameshasamehe nisifukue makaburi. Niache? Au nisimame nitoe ushuhuda mbele ya wote?"

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale "kumbe kaona aibu karudisha" nasimama. Hebu isome tena na wewe. Hela ulirudisha lakini kwa vile uliirudisha gizani ndo ikamkamilishia mwenzio kesi, yani hata lile jema ulilofanya limeenda kumpiga yeye. Ulirudisha pesa, jina lake bado unalo wewe.

Ndo maana moyo hautulii, wala sio kwamba Mungu hajakusikia. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki, na mimi naamini ulipolia alikusikia palepale, usianze kufunga tena siku saba kana kwamba anadai nyongeza. Anaedai ni yule kaka.

Sasa huyo rafiki yako wa makaburi. Najua atakutolea Zaburi ya 51, pale Daudi anaposema "nimekutenda dhambi wewe peke yako", wengi wanajificha hapo. Lakini jamani Uria, yule ambaye Daudi alimchukulia mke kisha akafanya auawe vitani, alikuwa ameshakufa, Daudi angemwendea wapi! Wa kwako yuko hai na anapokea simu. Yesu kwenye Mathayo 5:23 na 24 anasema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo uende ukapatane nae kwanza. Na Hesabu 5:7 aliyekosa anaungama, anarudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano, na anampa yule aliyemkosea. Sijui wewe ni dhehebu gani, ila hata kwa Wakatoliki ambao padri akishasikia maungamo hawezi kuyatoa nje kabisa, Katekisimu yao namba 1459 inataka urekebishe ulichoharibu kadiri unavyoweza, na mifano inayotajwa pale ni kurudisha kilichoibwa na kumrudishia sifa yake mtu aliyechafuliwa. Ukaniambia ni kufukua makaburi!

Kuhusu kusimama mbele ya watu wote, hapana, sio mwanzo. Nitakwambia kwa nini na usinikasirikie. Ukishika maiki ukalia watu watalia na wewe, watapiga makofi na haleluya, utashuka pale umekuwa shujaa wa toba halafu yule kaka ataipata stori kwa meseji ya mtu mwingine, sasa huo ushuhuda umemsaidia nani kama sio wewe? Anza na yeye, ana kwa ana, bila mtu wa tatu.

Na ukifika usizunguke. Mimi niliwahi kwenda kuomba msamaha kwa mtu nikamwambia "kama kuna mahali nimekukosea", akaniangalia akasema, kwani hujui? Niliondoka na aibu yangu, nikarudi wiki mbili baadae kusema kitu chenyewe kwa jina lake. Kwahiyo wewe sema: hela nilichukua mimi, nilisikia wanakutaja nikanyamaza, nilivyorudisha wakadhani ni wewe nikanyamaza tena. Basi. Ile habari ya kubanwa usianze nayo, akikuuliza ndo umweleze, maana ukiitanguliza inakuwa unajitetea tu. Na usimwombe akusamehe hapohapo, wewe umekaa na hili jambo mwaka mzima yeye ndo kwanza analisikia. Anaweza kukufokea. Mwache afoke.

Halafu ndo uende kwa mchungaji na viongozi wa kwaya. Uvumi ulitembea ndani ya kwaya basi kwaya ndo isikie, kwa mdomo wako, na ikiwezekana yule kaka awepo kama atakubali, asipotaka usimlazimishe. Wale ambao hawakuwahi kusikia lolote, sioni sababu ya kuwatangazia. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne, hela inahesabika hivyo lakini jina sijui unalilipaje mara nne, labda ukubali kulisafisha kila mahali utakapolikuta limechafuka, hata miaka ijayo mtu akichomekea tu utani.

Cheo kipya kikatae. Usiseme "sijisikii tayari" wala "nina majukumu mengi", huo nao ni uongo mdogo na uongo ndo tunaouacha, sema sababu yenyewe. Wakikuvua na huu wa kwaya vua bila kinyongo. Inaweza ikauma zaidi ya unavyofikiria, na wapo watakaokuchunia, sitakudanganya.

Hujasema wanakuteua lini. Ila mpigie huyo kaka kabla ya hicho kikao, umwombe tu mwonane, simuni usimwage kila kitu. Ukitoka huko niandikie, hata kama hakukufungulia mlango.