Moyo wa mama ukisimama, afufuliwe au aachwe?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana kansa imeshafika kwenye ini na mapafu, jana daktari wake katuuliza moyo ukisimama tunataka wamfufue au wamuache. Kaka zangu wamechukia wanasema mama keshakatiwa tamaa. Hiyo fomu aliyotupa tujaze maana yake nini na nani anasaini?

JIBU: Marahaba, na pole sana mdogo wangu. Fomu hiyo inahusu kitu kimoja tu, moyo ukishasimama abonyezwe kifua au asibonyezwe, basi. Dawa za maumivu, oksijeni, dripu, antibayotiki akipata nimonia, kugeuzwa asipate vidonda, hakuna kinachokatwa hapo, waambie kaka zako hilo kwanza.

Kwenye muvi mtu anabonyezwa kidogo anafumbua macho. Kiukweli kifua cha mtu mzima kinatakiwa kizame sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mbavu huwa zinavunjika. Inaokoa kweli pale moyo umesimama ghafla kwa kitu kinachotibika, mfano mshipa wa moyo umeziba, lakini kwa mama moyo utasimama kwa vile mwili mzima umeshachoka na kansa, sasa hata ukirudi kansa iko palepale, na hao wachache wanaorudi wengi wanaishia kwenye mashine ya kupumulia, hawawezi tena hata kuongea na watoto wao.

Nani asaini? Umeniandikia kaka zako wanasema nini, mama mwenyewe anasemaje? Kama ana akili zake timamu uamuzi ni wake. Msianze na fomu jamani. Kaeni nae muda ambao maumivu yametulia, muulizeni ugonjwa wake anauelewaje, anaogopa nini zaidi, angependa awe wapi, na nani amsemee akishindwa kuongea. Huyo msemaji awe mmoja, na wengine wote wasikie kwa mdomo wa mama, ugomvi mwingi nilioushuhudia wodini ulitokana na kila mtoto kubeba maneno yake. Kama hawezi tena kuongea, jibuni vile yeye angejibu hata kama nyie mngetaka vingine, na muulizeni daktari sheria ya kwenu inampa nani kauli maana kila nchi ina yake.

Akibadili mawazo kesho fomu inabadilishwa, haina shida. Ila ikishasainiwa ikae mbele kabisa kwenye faili na kopi moja iwe nyumbani, nimeshaona zamu ya usiku wanaanza kubonyeza kwa sababu tu karatasi haikuonekana.