Baiskeli ya kukata upepo kwa safari ndefu
Ndugu, umeuliza kama baiskeli ya mbio iliyoundwa kukata upepo itakuchosha mgongo katika safari ndefu. Fremu yake yenye mabomba mapana huwa ngumu kiasi, lakini matairi ya milimita 28 yenye presha ya wastani hupunguza sana mtikisiko. Ninachokutahadharisha zaidi ni rimu (pete za nje za magurudumu) zenye kina kirefu, kwa sababu upepo wa ubavuni hulisukuma gurudumu la mbele ghafla, hasa mwendeshaji akiwa mwepesi. Tena, sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa hutokana na mwili wako, wala si fremu. Basi kabla ya kulipa, hakikisha unaweza kuinama juu ya usukani kwa muda mrefu bila maumivu. Mwaka 2020 kampuni ya baiskeli ya Specialized iliiacha Venge, baiskeli yake ya kukata upepo, ikaiachia baiskeli yake nyingine ya mbio, Tarmac SL7, wepesi na kasi kwa pamoja. Ningechagua ya aina hiyo.