Jibu: Kampuni inapima viwanja vya nyumba kijijini kwetu, tunazuiaje?

Mkuu, umesema mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wamesaini, bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zinawekwa, na mkutano haukuitishwa. Shikeni hapo hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Saini za watu wawili si idhini.

Mwandikieni mtendaji barua mkiomba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Maombi ya mdomo hukanwa kesho yake. Orodha ikija, isomeni jina kwa jina. Tafuteni marehemu, watoto chini ya miaka 18, wasio wakazi, saini kumi za mwandiko mmoja, au karatasi ya mahudhurio ya kikao cha mradi wa maji iliyobandikwa kwenye muhtasari wa ardhi. Mchezo huo ni wa zamani.

Wengi huharibu kwa kukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, kuishtaki halmashauri ya kijiji kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Mkiruka hayo, kesi inaondolewa kabla ya kusikilizwa, na msingi unaendelea kumwagwa.

Bikoni pigeni picha, msizing'oe. Mtageuka washtakiwa nyie.

Kama ni mwanakijiji aliyeuza shamba lake mwenyewe, leta maelezo zaidi, maana njia yake ni tofauti.