Kumzawadia mtoto pesa kwa kuchagua chuo cha karo nafuu

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni baba wa watoto 3, naishi Kisauni na ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha huko Kilindini. Binti yangu wa pili amepata B katika mtihani wa KCSE na anataka kusomea shahada ya biashara, upande wa uhasibu. Moyo wake uko kwenye chuo kikuu kimoja cha kibinafsi Nairobi, ambacho karo yake ni shilingi 240,000 kwa mwaka. Kozi kama hiyo iko katika chuo kikuu cha umma hapa Mombasa, na kwa hesabu niliyopewa, ufadhili na mkopo wa serikali ukishatolewa, mimi nitabaki na kama shilingi 60,000 za kulipa kila mwaka. Shemeji yangu aliyeko Marekani ameniambia kwamba huko kuna wazazi wanaomwahidi mtoto nusu ya pesa zitakazookolewa akikubali chuo cha bei nafuu. Nami nimefikiria kumwahidi nusu ya tofauti, yaani shilingi 360,000 kwa miaka 4. Kaka yake mkubwa alisomea ufundi wa magari hapa hapa, na mdogo wao bado yuko sekondari. Je, jambo hili lina busara kifedha, na nilifanye vipi lisizue ugomvi nyumbani?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Wazo lako ni jema na ninaliunga mkono, lakini ahadi ya shilingi 360,000 usiitoe kwanza, kwa sababu imejengwa juu ya hesabu isiyotimia na juu ya pesa ambazo huenda huna.

Tuanze na hesabu. Umelinganisha karo na karo, ilhali mtoto hasomi kwa karo peke yake. Akienda Nairobi atahitaji chumba na chakula. Tukikisia shilingi 15,000 kwa mwezi kwa miezi 9, hizo ni 135,000. Nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa safari moja tangu mwaka 2024, kwa hiyo akija nyumbani mara 3 kwa mwaka utalipa 9,000. Jumla ya Nairobi, pamoja na karo, inafika 384,000 kwa mwaka. Akibaki hapa atalala kwako na kula kwako, na ukimpa shilingi 300 kwa siku za matatu ya kuvuka daraja la Nyali na chakula cha mchana, kwa siku 180 za masomo utatumia 54,000. Ukijumlisha na zile 60,000 unapata 114,000. Tofauti ya kweli basi ni 270,000 kwa mwaka, wala si 180,000 ulizoziona.

Hata hivyo, usifurahie tofauti hiyo kabla ya kuutazama mkopo. Zile 60,000 zimekuwa ndogo kwa sababu sehemu ya gharama imebebwa na mkopo wa Helb, yaani bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na mkopo huo anayeudaiwa ni bintiyo, si wewe. Hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo hudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Tuchukulie kwamba mkopo wenyewe ni shilingi 40,000 kwa mwaka: baada ya miaka 4 msichana atatoka chuoni na deni la 160,000 pamoja na riba yake, deni ambalo asingekuwa nalo kama wewe ungemlipia kila kitu Nairobi. Mzazi anayemkabidhi zawadi ya shilingi 360,000 huku akimwachia deni la namna hiyo amemrudishia kwa mkono mmoja alichomtwika kwa mwingine. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya akiba yenu iende kwenye mkopo. Tena familia nyingi za hapa Pwani huniuliza juu ya riba. Kwa hali yenu jibu ni jepesi, kwa kuwa unaweza kuacha mkopo kabisa na kulipa zile 40,000 mwenyewe. Gharama ya Mombasa itapanda hadi 154,000 kwa mwaka, na bado itakuwa chini sana ya 384,000 za Nairobi.

Kumbuka pia kwamba ufadhili wa serikali hautabiriki kwa miaka 4 mfululizo. Mfumo ulioanza mwaka 2023 huzipanga familia katika makundi 5 kulingana na uwezo, ambapo familia ya kundi la chini kabisa hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi na ya kundi la juu hulipa asilimia 40, na mwanafunzi anayejiunga na chuo cha kibinafsi hapati ruzuku hiyo ila anaweza kuomba mkopo. Mfumo huo umefikishwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha kesi ikaendelea kwa rufaa. Anayemwahidi mtoto kiasi maalumu cha pesa kwa kutegemea ruzuku ya aina hiyo anaahidi kitu kilicho mikononi mwa wengine.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote: je, hizo 384,000 za Nairobi ungezitoa wapi? Shemeji yako hakukudanganya, lakini hali ya huko ni nyingine. Wazazi wengi wa Marekani wanaotoa ahadi kama hii huwa wameanza kuweka akiba mtoto angali mdogo, katika akaunti ya elimu iitwayo 529. Pesa tayari zipo, na swali ni zitumike vipi. Zikitolewa kwa jambo lisilo la elimu, faida yake hutozwa kodi ya mapato na adhabu ya asilimia 10, ndiyo maana wazazi huko hufikiria sana namna ya kumgawia mtoto kinachobaki. Wewe unalipa kwa mshahara wa kila mwezi. Kama karo ya Nairobi ungeikopa kwenye sako, basi kinachookolewa ni deni uliloliepuka, na deni lililoepukwa haliwezi kutolewa zawadi.

Kwa sababu hiyo nakushauri uanzie upande mwingine. Kaa na mama watoto mwulizane mnaweza kutoa kiasi gani kila mwezi kwa elimu ya binti huyu bila kukopa na bila kugusa fungu la mdogo wake. Tuseme mmekubaliana shilingi 18,000 kwa mwezi, ambazo ni 216,000 kwa mwaka. Hilo liwe fungu lake, ajue ni lake, na ajue halitaongezwa. Akichagua Mombasa, gharama ni 154,000 na zinabaki 62,000 kila mwaka, yaani 248,000 kwa miaka 4. Akichagua Nairobi, fungu litapungukiwa na 168,000 kila mwaka, na pengo hilo itabidi alizibe kwa mkopo au kwa njia nyingine ya halali atakayoipata. Mwonyeshe hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, kisha umwache afikiri. Msichana aliyepata B na anayetaka kuwa mhasibu ana haki ya kuonyeshwa hesabu na kuamini kwamba baba yake hamfichi kitu. Akiona kwamba baki ni lake, hatakuwa amenunuliwa aache ndoto yake. Atakuwa amepima mali yake mwenyewe na kuamua.

Jambo moja ni lazima lithibitishwe kabla ya yote hayo, nalo ni kwamba kozi hizo mbili zina thamani ileile. Kwa taaluma kama uuguzi au uhandisi, ambazo zina bodi zinazoidhinisha kila kozi, unafuu wa karo hauna maana ikiwa kozi haijatambuliwa. Kwa uhasibu bahati iko upande wenu, kwa sababu kinachomfanya mtu awe mhasibu kamili nchini ni kufaulu mitihani ya uhasibu ya CPA inayotolewa na Kasneb, bodi ya mitihani, na kusajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu, na mtihani huo ni mmoja kwa aliyesoma Nairobi na aliyesoma Tudor hapa Mombasa. CPA ina ngazi 3, na kila ngazi ina ada zake za usajili na mitihani. Hapo ndipo baki la fungu linapoweza kumnufaisha zaidi: badala ya kumaliza shahada kisha akae nyumbani akitafuta ada ya CPA, anaweza kuianza akiwa bado chuoni na kutoka na vyote viwili. Mimi ningempendekezea hivyo kwa nguvu zangu zote, ingawa sitaki uliweke kama sharti, kwa kuwa ukianza kumwekea masharti ya matumizi, fungu litaacha kuwa lake.

Kuhusu ugomvi, tazama watoto wengine kabla ya kufungua mdomo kwa huyu mmoja. Wanazuoni hutofautisha matumizi ya mtoto na hiba, yaani zawadi. Karo ni matumizi, nayo hufuata haja, kwa hiyo mmoja akisoma udaktari na mwingine ufundi si dhuluma kwamba wa kwanza amegharimu zaidi. Lakini pesa taslimu unazomkabidhi mmoja awe nazo ni hiba, na hapo inakuja hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa peke yake na Mtume akakataa kushuhudia, akasema: “Mcheni Mwenyezi Mungu na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu.” Kifungua mimba wako alisoma chuo cha bei nafuu bila kuahidiwa hata senti. Siku atakaposikia kwamba dada yake amelipwa kwa kufanya alichokifanya yeye bila malipo, ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia. Mwite mapema, mweleze, na umtengee chake, hata kama kitakuja polepole: seti ya spana na jeki nzuri kwa fundi wa magari ni mtaji. Mdogo naye aambiwe kwamba fungu lake linamngoja kwa utaratibu uleule. Viwango vinaweza kutazamwa pamoja na sheikh unayemwamini au kadhi, kwa kuwa madhehebu hayajakubaliana juu ya uzito wa usawa huo.

Upande wa sheria za nchi, ahadi ya mzazi kwa mtoto kwa kawaida haimfungi mtu mahakamani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inafuata sheria ya mikataba ya Kiingereza, na huko kuna kesi mashuhuri inayofanana mno na yenu: Jones dhidi ya Padavatton ya mwaka 1969. Mama alimwahidi bintiye posho ya kila mwezi ikiwa angeacha kazi Marekani na kwenda Uingereza kusomea uwakili. Binti akaenda, baadaye wakagombana, na Mahakama ya Rufaa ikaamua dhidi ya binti, wengi wa majaji wakiona kwamba yalikuwa mapatano ya kifamilia yasiyokusudiwa kuwa mkataba. Sharia ya Kiislamu nayo inasema hiba hutimia kwa kukabidhiwa. Maana yake ni kwamba ukifariki kabla ya kukabidhi, Mungu akupe umri mrefu, pesa zote ulizomwekea kwa jina lako zitaingia kwenye mirathi na kugawanywa kwa warithi wote, na hata ukimwandikia wasia hautamfaa, kwa sababu yeye ni mrithi na wasia kwa mrithi hausimami bila idhini ya warithi wenzake.

Dawa yake ni kukabidhi kila mwaka, usingoje mwisho. Bintiyo akishatimiza miaka 18 anaweza kufungua akaunti yake mwenyewe, katika benki au katika mfuko wa uwekezaji wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ipo pia mifuko inayofuata sharia kwa anayekwepa riba. Weka humo baki la kila mwaka matokeo ya mwaka yakishatoka, na kigezo kiwe kuendelea na masomo, si alama, kwa kuwa mtoto anayelipwa kwa alama huanza kukimbia masomo magumu. Kenya haitozi kodi kwa pesa taslimu ambazo mzazi amempa mtoto wake. Faida ya akaunti ya benki ndiyo hukatwa asilimia 15, na benki hukata yenyewe.

Yaandikeni makubaliano kwenye ukurasa mmoja, ingawa mahakama haitayatekeleza, ili baada ya miaka 4 asiwepo wa kusema alisikia kingine. Muandike kiasi cha fungu, kinachohesabiwa kuwa gharama, siku ya kukabidhi, na itakavyokuwa ukipoteza kazi au yeye akiahirisha masomo kwa ugonjwa. Mama yake atie sahihi pia. Na mfanye hivyo kabla ya kipindi cha kuchagua kozi kwenye mtandao wa KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, kufungwa, kwa maana akishapangiwa chuo ndipo umwambie habari ya fungu, hatakuwa na chochote cha kuchagua.