Zafarani kwa binti

Dada, hongera ya uzazi! Umeuliza kama Zafarani ni jina la mtu au ni kiungo tu, na limetoka wapi. Ni kiungo, lakini cha heshima. Neno ni la Kiarabu, za'faran, na Wafaransa nao wakapata safran yao humo humo. Zile nyuzi nyekundu ni ncha za ndani ya ua la zambarau, tatu tu kwa kila ua, na huchumwa kwa mkono. Ndiyo maana bei yake haishikiki. Iran ndiyo inayolima zaidi. Kwetu Tanga, mbali na biriani, ndiyo wino wa kombe: aya za Kurani huandikwa kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Mimi ningempa binti yangu bila kusita. Nyumbani mtamwita Zafa.